Wiki ya 5 Shangani na fimbo mpya, sijapata hata samaki mmoja. Nimekosea kununua au nimekosea kuvua?

#1 Mgeni wa Chuno
Habari zenu wakuu. Nimehamia Mtwara kikazi kutoka Masasi, na kwetu bahari tunaijua kwa dagaa tu. Tangu nifike, kuvua kumenikaa moyoni kweli kweli. Nimenunua fimbo ya futi 7, rili (kile kifaa cha kuzungushia uzi) namba 4000 na chambo bandia 6, vile visamaki vya plastiki vinavyong'aa, vyenye macho na ndoana za mikono mitatu. Jumla imenitoka laki moja na arobaini.

Kila Jumamosi nafika Shangani saa nne asubuhi, narusha mpaka saa saba. Nilichoambulia ni mwani, na chambo 4 zimebaki kwenye mwamba. Jumamosi iliyopita mzee mmoja alikaa hatua kama thelathini kutoka nilipo, mshipi wa mkononi kauzungusha kwenye chupa tupu ya maji. Akatoa changu wanne na tasi mmoja, akanipa pole, akaondoka.

Naomba kuelekezwa. Tatizo ni rangi? Ni kifaa? Nimebakiwa na elfu hamsini tu ya kuanza upya.

#2 Mzee wa Bamvua
Karibu baharini, kijana. Rangi iache kwanza. Saa nne asubuhi, siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu), huku kwetu maji yanakuwa yamekupwa kabisa. Kina mama wako mwambani wanatafuta pweza kwa miguu, wewe unarusha chambo palepale. Samaki wameshatoka na maji, wako nje kwenye ukingo. Bamvua hujaa saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa saa nne. Hilo lishike kabla hujashika fimbo.

#3 Fundi Rili
Mkuu, kabla hatujaenda mbali, umeweka uzi gani kwenye hiyo rili? Nailoni au wa kusuka? Unene gani? Na soma juu ya mpini wa fimbo, kuna gramu zimeandikwa, ndizo uzito wa chambo inachoweza kurusha.

#4 Mgeni wa Chuno
Shikamoo mzee #2, nashukuru. Fundi, ni nailoni, kibandiko kinasema 0.70 mm. Muuzaji wa duka moja hapa mjini aliniambia samaki wa Mtwara ni wakubwa, nailoni nyembamba wataikata. Fimbo imeandikwa 10–30 g.

#5 Fundi Rili
Nilihisi. Nailoni ya 0.70 ni ya mshipi wa mkononi wa kuvulia chewa, haifai rili ndogo. Inakaa kwenye bobini kama springi, ukirusha inagonga pete ya kwanza ya fimbo na mwendo unafia palepale. Bila shaka chambo chako kinaangukia mita 15 au 20, halafu unadhani umekosa bahati.

Weka nailoni ya 0.35. Inabeba kama kilo 8 au 9, inatosha kabisa kwa mtu anayesimama ufukweni. Ukipata hela baadaye nunua uzi wa kusuka wa ratili 20 hadi 30, ni mwembamba na unaruka mbali sana. Ila una mambo mawili. Kwanza, chini yake anza na mizunguko michache ya nailoni, la sivyo bunda lote linateleza juu ya bobini na samaki akivuta utafikiri breki imekufa. Pili, mbele funga nailoni nene kama mita moja na nusu, kwa sababu uzi wa kusuka ukigusa mwamba umekatika.

Breki ya rili usiikaze mpaka mwisho kama wengi wanavyofanya. Kama uzi unabeba kilo 9, breki iachie kwenye kilo 2 hadi 3. Funga mizani ya kuning'iniza kwenye ncha ya uzi, vuta, soma.

#6 Kitunda Kwetu
Mzee wa Bamvua, nakuheshimu, lakini hesabu yako haijakamilika. Bamvua halirudi kila Jumamosi. Wiki hii bamvua, wiki inayofuata maji mafu, na maji mafu saa nne asubuhi ndiyo yanakuwa yamejaa. Kwa hiyo katika Jumamosi 5 za huyu ndugu, 2 au 3 alikuwa na maji mbele yake. Na bado hakupata kitu.

#7 Mzee wa Bamvua
Kweli, Jumamosi hizo yalikuwepo. Lakini maji mafu ni maji yaliyolala. Yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, mkondo hauna nguvu. Samaki mkali anangoja mkondo umletee vidagaa. Mimi nahesabu mwezi mwandamo. Mwezi ukiwa na siku 17 na 18 maji yanajaa magharibi, jua linazama. Hapo rusha hata kijiko cha chai.

#8 Binti Mikindani
Kaka, mbona hamjamwambia ukweli wa yule mzee mwenye chupa? Yeye ndiye mwalimu, na yuko hatua thelathini tu.

Baba yangu alinifundisha pale Mikindani nikiwa darasa la nne. Nailoni, ndoana, chubwi (uzito wa kuzamishia mshipi), basi. Leo ukiniuliza mwanzo wa mtu mwenye elfu hamsini, nitasema elfu nane tu itoke. Bunda moja la nailoni 0.50, ndoana kumi za namba 8 na namba 6, chubwi vinne, na chambo kibichi. Ngisi mkate vipande vya urefu wa kidole cha mwisho, umchome ndoana mara mbili ili asinyofolewe na visamaki vidogo. Mshipi uupitishe juu ya kidole cha shahada. Changu haji kwa kishindo, anagusa mara mbili, tk tk, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha. Ukivuta kwenye mguso wa kwanza umemkosa. Kwenye fimbo mgeni hayasikii hayo, kidoleni utayasikia siku ya kwanza.

Ukishajua samaki anagusaje, ndipo urudi kwenye fimbo.

#9 Mgeni wa Chuno
Asante dada. Namba 8 ndiyo kubwa kuliko 6?

#10 Binti Mikindani
Hapana, kinyume chake. Namba ikipanda ndoana inapungua, 10 ni ndogo kuliko 6. Ukifika kwenye 1/0, 2/0, 3/0 inageuka, hapo zinaongezeka ukubwa. Dukani usitaje namba tu, omba uione.

#11 Chewa wa Naumbu
Tasi kwa mshipi? Mleta mada hebu thibitisha. Tasi anakula mwani, sisi tunampata kwenye dema, mtego wa kusuka.

#12 Binti Mikindani
#11 anapatikana. Ndoana ndogo sana na donge la unga wa ngano, au mwani wenyewe. Mdomo wake ni mdogo, ndiyo maana wengi hawampati. Na umshike kwa uangalifu, miiba yake ina sumu, mkono unawaka usiku kucha.

#13 Kitunda Kwetu
Mimi navua mdomo wa mto Lukuledi kule Lindi, upande wa Kitunda, mwaka wa 9 sasa, na kwa chambo bandia tu. Nasema ni rangi na mwendo. Kichwa chekundu, mwili mweupe. Nimeshatoa kolekole na hiyo rangi wakati wenzangu wawili walio na rangi ya fedha wanaangalia. Maji ya Lukuledi mvua ikinyesha yanakuwa ya chai ya maziwa, rangi ya fedha haionekani hata hatua moja.

Na mwendo. Wageni wanazungusha rili taratibu kana kwamba wanamwonea huruma samaki. Kolekole hashindwi mbio na mkono wa binadamu. Zungusha mpaka bega liume.

#14 Mwalimu wa Sayansi
Kwenye rangi naomba nichangie. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kupotea majini. Mita chache tu kwenda chini nyekundu inaanza kufifia, na kina kikizidi inaonekana kama kijivu au nyeusi. Kwa hiyo kichwa chekundu kwa samaki aliye chini ni kichwa cheusi juu ya mwili mweupe. Huenda kinachofanya kazi hapo ni tofauti ya giza na mwanga.

Halafu kuna habari ya Mfini mmoja, Lauri Rapala, mwaka 1936. Alikuwa mvuvi maskini. Alipokuwa ziwani aliona samaki mkubwa akipita katikati ya kundi zima la samaki wadogo, anamchagua yule mmoja anayeyumba, aliyeumia. Akachonga gome jepesi linaloelea, akalifunika kwa karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti, na akalipaka filamu za picha alizoziyeyusha ili maji yasiingie. Alichokuwa anakihangaikia ni ule myumbo. Kwa hiyo Mgeni, kabla hujarusha, shusha chambo chako miguuni kwako kwenye maji safi, kivute polepole kisha haraka, ukiangalie. Kila kimoja kina mwendo wake mmoja ambao kinakuwa hai. Kikilala ubavu au kikizunguka kama feni, hapo samaki hatakigusa.

#15 Kitunda Kwetu
Mwalimu, kama ni giza na mwanga, mbona nyeusi na nyeupe yangu haikamati kama nyekundu na nyeupe? Nimezijaribu zote mbili palepale, kampuni ileile, gramu zilezile.

#16 Mwalimu wa Sayansi
Mara ngapi?

#17 Kitunda Kwetu
Ile nyeusi siku tatu. Ya nyekundu miaka 9.

#18 Chewa wa Naumbu
Hahaha, #17 hukumu imetoka kabla shahidi hajaketi.

#19 Nahodha wa Sudi
Mnazungumza rangi, hamjazungumza waya. Nguru na mzia meno yao ni wembe. Mimi kwenye kurambaza nyuma ya boti siendi bila waya, urefu wa mkono. Mgeni anaweza kuwa aliguswa, chambo kikaondoka, yeye akasema "imeshika mwamba". Chambo 4 kwa wiki 5! Angalia ncha ya uzi uliobaki. Ikiwa imekatika safi kama kwa mkasi, hilo ni jino. Ikiwa imechakaa na kukwaruzika, hapo sawa, ni mwamba.

#20 Fundi Rili
Nahodha, nyuma ya boti sawa, pale nguru anakuja kwa kasi, hana muda wa kukagua. Ufukweni Shangani kwenye maji mafu ya kioo, waya unaonekana na unaua myumbo wa chambo kidogo. Nailoni nene ya ratili 60 inatosha kwa kolekole.

#21 Nahodha wa Sudi
Na mzia je? Chambo cha elfu kumi na tano kinakwenda kwa kuogopa waya wa mia tano.

#22 Fundi Rili
Kinakwenda, kweli. Lakini asipoguswa kabisa hatakuwa na cha kukatwa.

#23 Mgeni wa Chuno
Nimeangalia ncha. Tatu zimekwaruzika. Moja imekatika safi kabisa. Sasa nimebaki naiwaza hiyo moja tu.

#24 Mkaguzi Mstaafu
Jambo moja la lazima. Ukichoka Shangani utaambiwa uende Msimbati, maji yake ni mazuri sana. Kumbuka Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna taratibu na malipo, usijiingilie na fimbo mkononi. Hata nje ya hifadhi, uvuvi una leseni kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na wa burudani umo. Pita kwa ofisa uvuvi wa halmashauri uulize, na wasalimie BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) wa pale unapovua. Ukijulikana, hata ukiumia utasaidiwa.

#25 Mama Ngisi
Ukiumia ndilo nililotaka kusema. Hizo ndoana za mikono mitatu ni hatari kwa mgeni. Mume wangu alimshika kolekole mkia bila kitambaa, samaki akapiga, mikono miwili ya ndoana ikawa kwa samaki na mmoja ndani ya kiganja chake. Samaki anaruka, na kila akiruka kiganja kinapanuka. Tulimkata samaki kichwa palepale ufukweni ndipo mume wangu akapumua. Kituo cha afya tulichokwenda hawakuwa na koleo la kukatia, tukarudi nyumbani kuchukua letu.

Toka siku ile ndoana zote nyumbani kwetu kile kijino cha ndani tunakibana kwa koleo kilale. Samaki anapungua mmoja mmoja, sikatai. Mkono unabaki. Na vaa viatu vigumu, mwambani kuna samaki jiwe na hutamwona mpaka umkanyage.

#26 Kitunda Kwetu
Mama, pole sana kwa baba. Hili la kubana kijino nalianza leo.

#27 Shangani Usiku
Nyinyi mnasahau chambo cha mpira. Elfu moja mia tano, kichwa cha madini ya risasi cha gramu 14, unakirukisha chini kama kamba anayeogopa. Mimi nimepata chewa wadogo, songoro mtoto, hata samaki taa.

#28 Chewa wa Naumbu
Na bunju je? Mimi mipira yangu yote inarudi imekatwa nusu duara, safi, kama mtu kauma mkate. Pakiti nzima kwa asubuhi moja.

#29 Shangani Usiku
Bunju yupo, siwezi kudanganya. Akianza kukata, hama hatua mia. Na Mgeni, ukimvua bunju usimpeleke nyumbani kwa namna yoyote, sumu yake haifi kwa moto.

#30 Mkongwe wa Kilwa
Nimesoma mjadala wote. Mnamfundisha kijana vifaa, lakini mimi nasema tatizo ni samaki wenyewe. Nilipokuwa kijana tulirusha mshipi kutoka juu ya jiwe tukapata chewa wa kubeba wawili. Halafu mabomu ya kuvulia samaki yakapiga pwani yote hii, Kilwa, Lindi, Mtwara. Bomu moja linaua samaki na nyumba ya samaki. Mwamba uliovunjika unabaki kifusi, na kifusi hakina wa kumkaribisha. Nenda ukapige mbizi uone, kuna sehemu chini ni kokoto tupu. Hata uwe na rili ya milioni.

#31 Mzee wa Bamvua
Mkongwe umenigusa. Nilizoea kuusikia mlio ule nikiwa ndani ya mtumbwi, unaingia miguuni kupitia mbao.

#32 Nahodha wa Sudi
Kweli kabisa, ila mzee mwenye chupa alitoa watano palepale. Samaki wapo.

#33 Mwalimu wa Sayansi
Mkongwe, si Kilwa ndiko alikopatikana yule silikanti mwaka 2003?

#34 Mkongwe wa Kilwa
Ndiyo, Songo Mnara, kwenye wavu wa jarife wa maji ya kina. Samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha zamani za kale mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Mapezi yana nyama kama miguu. Haliki, mafuta matupu.

#35 Kitunda Kwetu
Turudi kwa Mgeni jamani, tumefika Songo Mnara kwa miguu.

#36 Mgeni wa Chuno
Wakuu, nimerudi na habari!

Nilibadilisha nailoni nikaweka 0.35. Mbele nikafunga nailoni nene kama alivyosema Fundi. Nimenunua kijiko cha chuma, kile chambo bandia, cha gramu 28, rangi ya fedha, kwa sababu nyekundu na nyeupe haikuwepo. Nikasoma mwezi, nikaenda jana, mwezi 17, saa kumi na moja jioni maji yanapanda. Nikazungusha kwa kasi mpaka bega likauma kweli.

Magharibi inaadhiniwa, rili ikalia. Sikuwahi kusikia ule mlio. Uzi unatoka, mimi nimeshika tu, sijui nifanye nini, nikakumbuka breki na kutoikaza. Alikwenda kulia, akarudi, akaja miguuni mwangu, akaniona, akaondoka tena. Magoti yananitetemeka. Kolekole! Nimempima dukani kwa jirani, kilo moja na robo. Mgongo una rangi ya mzeituni, na ubavuni magamba magumu kuelekea mkiani yanakwaruza kama tupa.

Mungu awabariki nyote.

#37 Mzee wa Bamvua
Mwezi 17! Nilisema.

#38 Fundi Rili
Hongera sana kaka. Uzi ungekuwa ule wa 0.70 kijiko kisingefika alipokuwa huyo samaki.

#39 Kitunda Kwetu
Hongera. Mwendo huo, bega limeuma samaki akaja. Wiki zote 5 alizungusha polepole.

#40 Mwalimu wa Sayansi
Hongera Mgeni. Ila umebadilisha mambo manne kwa siku moja, sasa hatutajua ni lipi. Na ilikuwa rangi ya fedha, magharibi, maji ya kujaa, Kitunda.

#41 Kitunda Kwetu
Magharibi rangi zote ni moja. Mleteeni nyekundu mchana tuone.

#42 Nahodha wa Sudi
Na bila waya! Bahati yake alikuja kolekole.

#43 Mgeni wa Chuno
Wakuu, jioni ya leo nimerudi, kila kitu kilekile, kijiko kilekile, saa ileile pamoja na dakika kama hamsini ambazo maji huchelewa kila siku. Sijaguswa. Yule mzee wa chupa alikuwepo, katoa chaa saba. Nimemsalimia, nikakaa karibu naye. Amenipa ncha ya mshipi wake nishike.

#44 Binti Mikindani
Alikuwa anatumia chambo gani?

#45 Mgeni wa Chuno
Duvi wabichi, fungu la Feri. Aliwatia wawili wawili kwenye ndoana moja, mkia kwa mkia. Na nimeisikia ile tk tk.

#46 Fundi Rili
Safi. Sasa, ile rili tangu jana umeisuuza kwa maji baridi?

#47 Mgeni wa Chuno
Bado, mkuu. Naenda sasa hivi.